Swali la Nyanya Mbichi

Kila mwisho wa kipindi Mwalimu Sosthenes aliuliza, "Kuna swali?" na Kidato cha Pili kikajibu kwa pamoja, "Hakunaaa!"

"Mmeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Madaftari aliyosahihisha yalionyesha kwamba hawakuwa wameelewa.

"Wenzako tunaomba darasa litulie, wewe unalilia kelele," Madam Eveline wa darasa la jirani alimtania ofisini. "Njoo uchukue langu. Nakupa bure, na chaki juu."

Sosthenes alicheka. Hakumwambia kwamba aliyekuwa akimlilia ni mtu mmoja: Waridi, binti wa muuza nyanya na mboga wa barabarani hapo Ilula, ambaye mpaka mwezi wa pili hakuwahi kumaliza kipindi cha baiolojia bila kunyoosha mkono. Mikono ya wenzake ilikuwa ikiufuata wa kwake. Uliposhuka, yote ilishuka.

Siku yenyewe aliijua. Alikuwa akifundisha jinsi majani yanavyotengeneza chakula na mmea unavyokipeleka kwenye tunda. Nyuma ya darasa alikaa mthibiti ubora wa shule, kalamu mkononi. Waridi akasimama.

"Mwalimu, nyanya tunazichuma mbichi, zinaiva njiani. Majani tumeyaacha shambani. Sasa zinaiva kwa chakula gani?"

Hakuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, na jibu hakuwa nalo.

"Uliza kwa Kiingereza," akasema.

Sheria ya kutumia Kiingereza darasani ilikuwa imebandikwa ukutani. Hakuna ambaye angemlaumu. Waridi alitafuta maneno, akapata mawili, wenzake wakaangua kicheko. Akakaa. Mthibiti aliandika kwamba mwalimu anasimamia vizuri lugha ya kufundishia.

Jibu alilipata kitabuni wiki hiyohiyo. Hakulitoa, maana kulitoa kungemlazimu kueleza kwa nini lilichelewa. Akasubiri mkono ule unyooke wenyewe: mwezi wa tatu, wa nne, wa tano.

Jumamosi moja alishuka barabarani kununua mboga. Kabla hajaiona meza ya kina Waridi, aliisikia sauti yake.

"Kaka, tenga si lina mdomo? Mbona unajaza mpaka linaota nundu?"

"Mama, huyu binti yako ni polisi?" mnunuzi akalalamika.

"Mjibu tu," Mama Waridi akasema akicheka. "Mimi ananihoji tangu asubuhi."

"Na kwa nini huku mnanunua kwa nundu, mkifika mjini mnauza kwa kilo?"

Sosthenes alisimama nyuma ya lori la mnunuzi muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima aliyekuja kununua mchicha. Alipojitokeza, Waridi aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Waridi."

Basi. Akamfungia mchicha wake.

Jumatatu Sosthenes aliingia darasani, akafundisha kwa Kiswahili.

"Mwezi wa pili Waridi aliuliza nyanya mbichi inaiva kwa chakula gani. Nyanya iliyokomaa inachumwa ikiwa na akiba ya chakula ndani yake, tena inatengeneza yenyewe hewa inayoifanya ianze kuiva. Ndiyo maana haihitaji tena majani." Akaweka chaki chini. "Kuna swali?"

"Hakunaaa!"

Safari hii hakuuliza kama wameelewa. Aliwatazama mmoja mmoja. Madawati yalianza kulia kwa watu kujigeuza. Kisha Waridi akasimama.

"Mwalimu, siku ile jibu ulikuwa nalo?"

Angeweza kusema ndiyo.

"Sikuwa nalo. Nilijificha nyuma ya Kiingereza."

Hakuna aliyecheka.

"Kumbe," Waridi akasema taratibu. "Mimi nilijua tatizo ni Kiingereza changu. Nimeshaandika jina upande wa sanaa kwa mwakani."

Kidato cha Tatu ndipo njia zinapogawanyika, na anayechagua sanaa huacha fizikia na kemia, akatoka kwenye njia ya sayansi.

"Orodha bado iko mezani kwangu," Sosthenes alisema. "Jina linaweza kuhamishwa. Nikuhamishe?"

Waridi aliutazama ubao, si yeye.

"Bado nafikiria, mwalimu," akasema, akakaa.