Klarineti Iliyooshwa

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la juu na kupotelea chini ya kitufe cha fedha. Fundi aliuinamia na lenzi yake, akautazama kwa muda mrefu hata mjane aliyeileta klarineti akaanza kuhesabu bisibisi zilizotundikwa ukutani. Alikuwa amesimama. Tangu mazishi alikuwa kama amesahau kukaa.

Fundi, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliuliza chombo hiki ni cha nani. Mjane akajibu kuwa ni zumari la marehemu mumewe, na Ijumaa mwanawe atakuja kulichukua.

"Zumari? Na marehemu alikuacha uiite hivyo?"

"Alichoka kunisahihisha."

Fundi akacheka kidogo, akaipima klarineti kiganjani, akainusa. Uzito huu ni wa mpingo wenyewe, akaeleza, si mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Nembo ya aliyeitengeneza imelika kwa vidole, ila nambari iliyochongwa kwenye kipande cha juu ndiyo hiyo hiyo ya kipande cha chini. Vipande hivi vilitoka pamoja na havijaachana. Mjane aliitikia kwa kichwa. Maneno yalimpita kama yanasemwa nyumba ya pili.

Kisha akaulizwa ufa ni wa lini.

"Wa zamani," alisema.

Ufa wa zamani hujaa uchafu, ukawa mweusi. Huu ndani yake ulikuwa bado na rangi ya kahawia, safi, na ulinukia sabuni. Fundi alishusha lenzi. Alisema tu kwamba unazibika.

Wiki ile baada ya mazishi mjane alifua kila alichokigusa mumewe. Mashati, viatu, kikombe, kofia. Klarineti nayo aliitia kwenye beseni la maji ya moto, akaisugua, akaianika juani pamoja na vijiko. Akiwa jikoni alisikia kitu kikilia *tak*. Alijua ni nini. Akaendelea kusuuza sufuria. Hakulia siku ile, wala baadaye. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliolaliwa.

Fundi alisaga kipande cha mpingo kuwa vumbi, akalichanganya na gundi, akalikandamiza ndani ya ufa. Mbao ilitaka mafuta, tone moja kila siku kwa siku sita. Angeweza kuyapaka mwenyewe. Badala yake alimwambia mjane, "Mikono yangu ina kazi nyingi. Je, dada yangu, utanisaidia?" Basi kila asubuhi mjane alikuja na kusimama mezani, akipitisha unyoya wenye mafuta ndani ya klarineti, huku fundi akibadilisha springi na kizibo bila kumsemesha.

Ijumaa mwana alifika na mkoba wake begani. Akapitisha kidole juu ya mbao, kikasita.

"Hapa pana kovu."

"Mbao ikizeeka," fundi alianza.

"Ni mimi," mama yake akasema. "Niliiosha kwa sabuni. Nikaianika juani pamoja na vijiko."

Mwana alimtazama mama yake, akautazama ufa.

"Pamoja na vijiko?"

"Pamoja na vijiko."

"Mama, baba angekuua," alisema polepole, na mdomo wake ukamcheza, isijulikane ni kicheko au nini. Akalowesha utete wa kupulizia kwa ulimi, akaufunga mahali pake, akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka na mikwaruzo. Ya pili ilitoka nzima, nene, ile iliyokuwa ikisikika jioni chumba cha pili wakati mjane akimenya viazi na kumwambia mumewe apunguze kelele.

Fundi hakuinua uso. Kwa mguu wake alisukuma kigoda taratibu mpaka kikagusa visigino vya mjane.

Akakaa.