Mashine ya Kusemea ya Mzee Ishwarlal

Karatasi ililetwa na utingo wa basi la Shinyanga, imekunjwa mara nne, Jumanne moja ya mwezi Novemba mwaka 1986. Apolonia Maduhu alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, karibu na stendi ya Kahama. Aliupangusa mkono wake kwenye kanga, akaikunjua. Mwandiko ulikuwa wa Champaben, mke wa mzee Ishwarlal.

"Apolonia mwanangu, mashine ya Baba Praful imekufa kwa radi. Tangu Ijumaa hajasema neno. Njoo."

Aliisoma tena. Hajasema tangu Ijumaa? Mzee Ishwarlal alikuwa hajasema neno tangu mwaka juzi, kiharusi kilipomwangusha dukani kwake na kumnyang'anya upande wa kulia pamoja na ulimi. Apolonia alikwenda kumjulia hali wakati ule, akamkuta amelala anatazama dari, akarudi Kahama na machozi njia nzima. Sasa hili la kutosema tangu Ijumaa lilikuwa na maana gani?

Hakukaa kulipigia ramli. Alitia vifaa vyake kwenye kikapu, akafunga kibanda, akamwahi utingo yule yule kwa safari ya kurudi.

Kwa mzee huyo asingekwenda kwa kusuasua. Miaka kumi na saba nyuma, akiwa binti wa miaka kumi na tisa, Apolonia alitoka kwao Segese na redio ya marehemu baba yake imefungwa kwenye kitenge, akaipeleka Shinyanga kwa fundi Mhindi aliyesifiwa na kila mtu. Ishwarlal aliifungua mbele yake. Binti akauliza hiki ni nini, na kile ni nini, na kwa nini waya huu mwekundu unakwenda kule, mpaka wateja wakaanza kuguna. Mzee hakuguna. Alipomaliza alimwambia, "Kesho uje asubuhi. Maswali mengi hivi huulizwa mtu akiwa amekaa."

Akakaa miaka minne. Siku moja mfanyabiashara wa ng'ombe alikataa redio yake isiguswe na mwanamke. Ishwarlal aliifunika redio, akamrudishia mkononi, akamwonyesha mlango. Hakumlaumu wala hakumhubiria, akarudi kwenye meza yake kuendelea na kazi. Apolonia alikuwa ameinamia lehemu, akajifanya hakuona. Lakini mtu akikufanyia jambo la namna hiyo mbele ya watu, hutalisahau mpaka uingie kaburini.

Alifika saa saba mchana. Champaben alimpokea mlangoni, sari yake nyeupe ina madoa ya manjano ya jikoni.

"Shikamoo, Mama Praful."

"Marahaba, mwanangu. Umefika. Mungu akubariki, umefika."

Mzee Ishwarlal alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mito, karibu na dirisha. Apolonia alipiga goti kidogo, kama afanyavyo kwa wazee wa kwao. "Shikamoo, fundi." Mzee alifumba macho mara moja na kuyafumbua, ndiyo itikio lake. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya kibao kilichopigiliwa swichi ya kengele ya mlangoni.

Mbele yake, mezani, palikuwa na televisheni ndogo. Apolonia aliishangaa, kwa kuwa Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni. Kando yake palikuwa na kibati cheusi chenye vitufe vya herufi, kidogo kama trei ya chai, na redio kaseti ya kawaida.

"Hiyo ndiyo kompyuta," Champaben alisema. "Mwanetu Praful aliileta kutoka Uingereza mwezi wa nne, ndani ya sanduku la nguo. Akaiandikia programu kwenye kanda. Unaicheza ile kanda, inapiga kelele kama vyura, kisha herufi zinatokea hapa kwenye kioo. Kialama kinazipitia moja moja. Kikifika kwenye herufi anayoitaka, Baba Praful anabonyeza kwa kidole gumba. Herufi kwa herufi, neno linakamilika."

Apolonia alimgeukia mzee. Sasa aliielewa ile barua.

"Zamani nilikuwa namtajia herufi, naye ananibana mkono," Champaben aliendelea, sauti ikimshuka. "Alichoka, na mimi nilichoka. Lakini kwa mashine hii alikuwa anaandika peke yake, Apolonia. Natoka jikoni nakuta maneno yananisubiri. Siku moja nilikuta ameandika kwamba sari ya bluu inanipendeza. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mdomo ulipokuwa mzima hakuwahi kuliona hilo!"

Mzee alitazama dirishani. Pembe moja ya mdomo wake ilicheza.

Apolonia hakuwahi kuigusa kompyuta maishani mwake. Alifungua skrubu za chini, akaona vipande vyeusi vimejipanga kama siafu. Kimoja tu kati ya vile kikiwa kimeungua, hakuna duka la kukipata, si Shinyanga, si Mwanza, pengine hata Dar es Salaam hakuna.

"Unaanzia wapi?" Champaben aliuliza.

"Alikonifundisha mwenyewe. Kwenye umeme, kisha naufuata njiani."

Alichukua mita yake. Adapta ilikuwa nzima, volti tisa zinatoka. Akaufuata umeme ndani, hatua kwa hatua, hadi kwenye kipande chenye miguu mitatu kilichoshikizwa kwenye bati. Mguu wa kuingilia ulikuwa na tisa. Wa kutokea ulipaswa kuwa na tano, lakini mshale wa mita haukutikisika. Alikinusa. Kilinuka kuungua.

"Hiki ndicho kimekufa," alimwambia mzee. "Kazi yake ni kuupunguza umeme. Nadhani radi imeishia hapa. Nadhani."

Mzee alifumba macho mara moja.

Kipande cha namna ile hakikuwepo, basi ilibidi kiundwe. Chumba cha nyuma kilikuwa bado kimejaa masalia ya duka la zamani, na Apolonia alikumbuka kila rafu. Alichimbua humo redio mbovu ya gari, akaing'oa transista yake kubwa na diodi ya kushikilia volti. Alirudi mezani, akapasha chuma cha kulehemu, akafanya kazi karibu saa mbili, ameinama, shingo inamwuma. Mzee hakumwondolea macho. Champaben aliingia na kutoka, akileta chai inayopoa bila kunywewa.

Alipomaliza, haraka ilimshika. Watu hawa walikuwa wamekaa siku nne kimya, naye dawa anayo mkononi. Akashika plagi ili aichomeke.

Ta! Ta! Ta! Ta!

Mzee Ishwarlal alikuwa anabonyeza ile swichi, mfululizo, kwa nguvu zote za kidole chake. Macho yamemtoka. Champaben aliangusha kitambaa. "Anaumwa?"

"Hapana," Apolonia alisema taratibu, akaiweka plagi chini. "Ananikataza."

Akaufuata mtazamo wa mzee mpaka kwenye bati ambalo transista ilifungwa. Akaangalia tena. Kifuniko cha transista ile ndicho chenyewe kinachobeba volti zote tisa, naye alikuwa ameikaza moja kwa moja kwenye bati, bila kitu cha kuitenga. Na ncha ya waya unaokwenda kwenye kompyuta ilikuwa imelala juu ya bati hilo hilo. Angechomeka, volti tisa zingeingia nzima nzima kwenye vile vipande vyeusi. Ingekuwa ameiua kwa mkono wake mashine iliyonusurika na radi.

"Karatasi ya maika," alinong'ona. "Nimesahau maika. Fundi, nisamehe."

Mzee alishusha pumzi ndefu, akafumba macho mara moja.

Apolonia aliifungua tena transista kwenye bati. Kisha akakata kipande cha maika, ile karatasi ngumu isiyopitisha umeme, akakiweka kati ya transista na bati, akaukunja ule waya mbali. Safari hii hakuwa na haraka. Alipima kwanza, akiwa ameufungia umeme kwenye balbu ya tochi. Nne nukta tisa. Akaiacha balbu iwake dakika kumi nzima. Nne nukta tisa vile vile. Ndipo akaunganisha kompyuta.

Kioo cha televisheni kilimeta, kikatulia. Chini yakatokea maneno madogo ya Kiingereza. Champaben alipiga makofi.

Lakini kompyuta ile ilikuwa haina kumbukumbu. Ukizima, imesahau yote, na programu lazima isomwe upya kutoka kwenye kanda. Waliicheza kanda. Ikapiga kelele zake za vyura, mistari ikakimbia pembeni mwa kioo, kisha ikakwama. Walirudia mara nne, ikakwama mara nne.

"Hata kabla ya radi ilikuwa inasumbua hivi," Champaben alisema. "Inakubali mara moja, inakataa mara mbili."

Hapo Apolonia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. Kompyuta hakuijua, lakini redio kaseti aliijua kama kiganja chake. Alifungua kifuniko. Kichwa cha kusomea kilikuwa kimeganda vumbi jekundu. Akakisafisha kwa pamba na spiriti mpaka kikang'aa, kisha akaweka bisibisi kwenye skrubu ndogo ya kando, kanda inacheza, sikio lake amelisogeza karibu. Kelele ilikuwa butu. Akazungusha robo. Ikawa butu zaidi. Akarudisha, akapitiliza kidogo, na sauti ikachongoka, ikawa kali ya kukereketa meno.

"Hapo," alisema.

Dakika tano baadaye herufi zilijitokeza kwenye kioo, zimejipanga safu safu, na kialama cheusi kikaanza kuruka kutoka moja hadi nyingine.

Mzee alibonyeza. Alitaka A, ikaja B. Alifuta, akajaribu tena, ikaja B. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Mkono umepungua kasi," Champaben alisema kwa sauti ya chini. "Wiki tatu sasa. Alikuwa ananiandikia maneno mafupi tu, nami nikadhani hataki kuongea na mimi."

"Praful hakuacha maelekezo yoyote?"

Kulikuwa na barua. Champaben aliitoa chini ya picha ya miungu, imeandikwa Kigujarati, na akaitafsiri kidole kikiwa kwenye mstari. Kijana aliandika kwamba programu ni orodha ya maagizo yenye namba, na agizo la arobaini ndilo linaloiambia kompyuta isubiri kabla ya kuhamia herufi nyingine. Muda wake umeandikwa ishirini na tano. Baba akichoka, namba iongezwe.

"Ndiyo hivyo tu?" Apolonia aliuliza.

"Anasema ndiyo hivyo tu."

Walisimamisha programu, wakaita agizo la arobaini, Champaben akisoma na Apolonia akitafuta vitufe kama kuku anayedonoa. Akafuta ishirini na tano, akaweka arobaini na tano. Hakukuwa na moto wala lehemu. Namba moja tu ilibadilika, na kialama kikaanza kutembea taratibu kama mtu anayemngoja mwenzake.

Mzee Ishwarlal alikitazama kikipita safu nzima bila kubonyeza. Kisha akaanza. Walisimama nyuma yake.

CHAMPA MPE APOLONIA CHAKULA

Champaben alishika kichwa. "Mungu wangu! Tangu saa saba!" Akakimbilia jikoni, huku nyuma Apolonia akicheka na kulia kwa pamoja, ukingo wa kanga umemfunika macho.

Kialama kilikuwa bado kinatembea. Mzee akaongeza neno moja, la Kisukuma, lugha aliyojifunza kwa wateja wake kabla Apolonia hajazaliwa.

WABEJA

"Hapana, fundi," Apolonia alisema, akachuchumaa karibu na kiti chake. "Usinishukuru wewe. Mimi ndiye niliyekuja kushukuru, na nimechelewa miaka mingi. Ungenifukuza siku ile na maswali yangu, leo ningekuwa nani? Na leo tena umeniokoa nisikuharibie mdomo wako. Wabeja sana, fundi. Wabeja sana."

Kidole cha mzee kikaanza kazi tena, polepole, na Apolonia akadhani ni neno zito linakuja.

USISAHAU MAIKA

Alikaa kwao siku mbili zaidi. Aliinakili programu kwenye kanda nne, akazifunga kwenye mifuko ya plastiki dhidi ya vumbi, akaweka moja kwenye kabati la nguo na nyingine akaondoka nayo Kahama. Alimfundisha Champaben kusafisha kichwa cha kaseti kila Jumapili, kuchomoa plagi mawingu yakitanda, na kuizungusha ile skrubu kwa kusikiliza.

"Mimi mwanamke wa kukaanga bagia," Champaben alilalamika, "leo nishike bisibisi?"

Apolonia alimtilia ile bisibisi mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake.

Mzee aliishi miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo hakukaa kimya tena zaidi ya siku moja. Praful alipokuja likizo mwaka uliofuata ile radi alimkuta mama yake mezani, miwani puani, sikio juu ya redio kaseti, akimwashiria kwa mkono asubiri kwanza na asiguse kitu.