Wiki Aliyoijaza Mwongera

Saa moja asubuhi Mwongera alikuwa mtoni, suruali imekunjwa hadi magotini, akisoma ubao wa namba uliosimamishwa majini. Sentimita thelathini na mbili. Akaandika kitabuni, kazi yake ya kila asubuhi kwa miaka tisa. Kisha akajipangusa matope na kukaza mwendo kwenda mtaa wa Bulla Pesa. Siku hiyo ofisi ya maji ilikuwa inawaletea wakazi mpango wa ukuta wa kuzuia mafuriko, na mkubwa wake, Bwana Rimberia, alikuwa amempigia simu mara mbili: "Kuja na ile kitabu ya mwaka juzi."

Hicho cha mwaka juzi ndicho kilichomnyima usingizi. Wiki ile mto ulipofurika, hakuupima. Ubao wenyewe ulisombwa siku ya kwanza, naye akawabeba watoto wakakimbilia kwa dada yake, mtaa wa Kiwanjani. Alipompigia Rimberia kumweleza, jibu lilikuwa fupi: "Kitabu haiwezi kuwa na shimo. Jaza tu." Akajaza. Aliketi kando ya jiko la dada yake, chai mkononi, akaandika tisini, tisini na tano, mita moja. Hakudhani kuna mtu angekuja kuzisoma namba hizo.

Sasa watu walijaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na Rimberia alikuwa amekiinua kitabu kila mtu akione.

"Mwaka juzi maji ilifika mita moja," akasema. "Sisi tunajenga ukuta ya mita moja na nusu. Hata waliohama wanaweza kurudi pale pale mtoni."

Mama Nurto akasimama. Ni mjane ambaye nyumba yake ya vyumba viwili ilibebwa na mafuriko hayo, pamoja na mbuzi wake wote.

"Salaam aleikum. Mimi nililala juu ya mabati na wajukuu. Maji ilipita juu ya mlango. Hiyo mita moja ilipimwa wapi?"

"Mama, usitie chumvi," akasema Rimberia, kwa upole wa mtu anayeangalia saa. "Mwenye kupima ndiye huyu. Miaka tisa hajakosa hata siku moja. Mwongera, simama. Hii ni mwandiko yako?"

Mwongera akasimama. Mama Nurto alimtazama kwa matumaini, kana kwamba shahidi wake ndiye huyo amefika. Lakini Mwongera aliiwazia barua ya kufutwa kazi, na watoto wanne.

"Ni yangu," akasema.

Wakampigia makofi. Naam, makofi! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkutano ulipoisha watu walipanga foleni, wakatia sahihi za kuukubali mpango, wakapewa soda. Mama Nurto alitia yake, kisha akamfuata Mwongera nje na kumshika mkono.

"Pole, mwanangu. Nimekuaibisha mbele ya watu. Labda ilikuwa tu woga. Mimi nazunguka nikisema maji ilipita juu ya mlango, kumbe nilichanganyikiwa."



"Kesho fundi anakuja," akaendelea mama. "Najenga pale pale. Binti yangu Nurto atarudi na watoto."

Angeweza kunyamaza tena. Kunyamaza hakukuwa kazi ngumu, alikuwa ameshajua.

"Mama, usijenge."

"Kwani?"

"Ile wiki sikuwa mtoni. Nilikuwa Kiwanjani. Hizo namba nilijitungia. Maji uliiona wewe, sio mimi."

Mama Nurto akauachilia mkono wake, taratibu. Akageuka kutazama kule kwenye turubai, ambako Rimberia alikuwa akizipakia karatasi za sahihi garini, sahihi ya mama ikiwa humo. Gari likawashwa.

"Na mbona unaniambia mimi peke yangu?" akauliza.