Mishumaa Ishirini na Mmoja

[Mishumaa: 21]

Sifuel Mbazi alizikwa Jumanne. Jumamosi dada yake, Nakunda, akaiwasha kompyuta ya marehemu, akakuta ule mchezo wake wa kutisha kauacha katikati: hospitali iliyojaa wafu wanaotembea, chumba kimoja salama, mtu mmoja ndani yake. Mtu huyo anaitwa Sifuel. Ukimwashia mshumaa anasema, kwa sauti aliyoirekodi marehemu mwenyewe:

"Bado nipo."

Jikoni, mama akadondosha sufuria.

[Mishumaa: 20]

KANUNI ZA MCHEZO

(a) Mshumaa uliowashwa haurudi.
(b) Mishumaa mingine hupatikana nje ya chumba salama.
(c) Mchezaji akifa, jina lake, sauti yake na kumbukumbu zake zote hufutwa. Hakuna rufaa.

[Mishumaa: 17]

Daftari la Sifuel, mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amelala kitandani:

*Unayeweza kumkwepa, mkwepe. Ukisimama, zima tochi. Usikimbie, pumzi*

Ndivyo alivyoishi na moyo wake uliovimba. Ngazi moja, apumzike, ngazi ya pili. Miezi minane alijiwekea akiba ya mishumaa, na Nakunda, jamani, akaitafuna kama karanga.

[Mishumaa: 9]

"Naku, mwanangu, hebu mwashe kidogo nimsikie."

"Si ulimsikia jana, mama?"

"Jana ni jana."

Angemwambiaje kwamba kila kusikia kunapunguza? Wewe unayesoma usimcheke. Hata wewe ungewasha. Nakunda alijaribu kumrekodi kwa simu, ikatoka sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. "Huyo siye," mama akasema, akaenda zake.

[Mishumaa: 1]

Risasi: 1
Bandeji: 0
Tochi: asilimia nne
Mama: mmoja

[Mishumaa: 0]

"Bado nipo."

Ukazimika.

Nakunda akamweleza mama yote, huku analia mpaka kamasi.

"Kwa hiyo mishumaa iko nje?"

"Iko nje. Lakini akifa huko, basi. Hatumsikii tena."

"Na akikaa humo humo?"

"Hatumsikii tena."

Mama akavuta kigoda, akafuta miwani kwa khanga.

"Fungua."

Kitasa.

Korido.

Mbele yao kitu kinaburuta mguu, kinakuja. Kidole cha Nakunda kikarukia kitufe cha kukimbia.

"Usimkimbize!" Mama akamshika mkono. "Huyo anachoka haraka, hujui?"

Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Taratibu, baba. Taratibu..."