Nakala ya Hukumu

Leonidas aliacha kuendesha magari mwaka 2015, na kwa miaka tisa hakugusa usukani. Ilikuwa amri ya mahakama, na yeye alikuwa mtu wa kutii.

Kabla ya hapo alikuwa dereva wa Fuso, akibeba tumbaku kutoka Katumba, makazi ya watu wa asili ya Burundi kama yeye, kuja Mpanda mjini. Siku moja alikunywa gongo tangu asubuhi kwenye msiba wa mtu ambaye hata hakumfahamu vizuri, kisha akapanda gari kwenda kazini. Alipofika Makanyagio Fuso liliacha barabara, likaingia kwenye kibanda cha muuza mitumba aitwaye Maiko, na kumvunja Maiko mguu. Askari alipoleta kipima ulevi, Leonidas alikipuliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alipuliza upande usio wenyewe.

Siku ya hukumu alisimama kizimbani akiwa na pamba masikioni, maana ajali ilikuwa imemuumiza ngoma za masikio. Aliona midomo ya hakimu ikicheza. Hakimu aliponyamaza na kumtazama, alisema, "Ndiyo, nimekosa," kwa kuwa ndilo jibu lililoelekea kufaa.

Nje, mkewe Joséline alisogeza mdomo kwenye sikio lake lenye nafuu, akamwambia faini watalipa, jela haendi, ila leseni imefungiwa.

"Maisha?" Leonidas akauliza.

Joséline akatazama pembeni. Leonidas akaelewa.

Akapata kazi kwenye mashine ya kusaga pale Kawajense. Mwaka wa pili akaacha pombe kabisa, bila kutangaza kanisani wala kuapa mbele ya mtu. Mguu wa Maiko ulipona ukiwa umepinda kidogo, na kila Krismasi Leonidas alimpelekea debe la unga. Maiko alilipokea na kumwambia kila mwaka kwamba asingizie chochote, lakini asisingizie breki, kama alivyofanya siku ile ya ajali.

Lililomuuma zaidi lilitokea miaka minne baada ya hukumu. Épiphanie, mdogo wake Joséline, alishikwa na uchungu wa kujifungua akiwa nyumbani kwa Leonidas. Mlangoni palikuwa na gari la jirani na ufunguo ndani, ila jirani mwenyewe hakuonekana. Watu wote wakamgeukia Leonidas. Akasema amekatazwa na mahakama. Wakamsihi, akasema tena. Épiphanie akapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mama mmoja wa kanisani, akafikishwa hospitali hivyo. Mtoto alizaliwa salama, wakamwita Jeannine. Tangu siku hiyo Leonidas alipokuwa akimshika yule mtoto, alimshika kwa uangalifu kupita kiasi, kama mtu aliyeazimwa kitu.

Basi mwaka huu Anuari, mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa akisagisha kwao, akanunua Canter. Akamwambia Leonidas anataka dereva mtu mzima asiyekunywa.

"Mimi nimefungiwa maisha," Leonidas akasema.

"Nani alikwambia?"

"Mahakama."

"Uliisoma hukumu?"

Leonidas akafikiri. "Niliambiwa."

"Kaisome, kaka. Hukumu ni karatasi, ipo mahali."

Jumatatu akavaa shati la kanisani, akaenda mahakamani. Kwenye masjala, chumba wanakotunza mafaili, alimkuta karani aitwaye Hadia, binti mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee. Una namba ya kesi?"

"Marahaba. Sina."

"Mwaka?"

"Ule wa uchaguzi. Mvua zilikuwa zimeanza."

Hadia akatoa rejista ya mwaka 2015, akapitisha kidole kwenye majina. Hakuna Leonidas. Akarudia. Akauliza kama kuna jina jingine.

"Siku ile polisi nilijitaja mwenyewe," Leonidas akasema. "Mdomo ulikuwa umevimba."

Hadia akarudi juu ya ukurasa. "Kuna Lyodinasi. Fuso, Makanyagio."

"Ndiye mimi."

Aliandika barua ya kuomba nakala, akatoa kitambulisho, akaelezwa arudi Alhamisi. Alhamisi akarudi. Karatasi zilikuwa tatu, zimebanwa kwa pini. Alisoma polepole, akafika mahali akasimama.

"Binti, hapa panasemaje?"

Hadia akasoma kwa sauti. Shitaka la kwanza, kuendesha gari akiwa amelewa. Shitaka la pili, kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Mshitakiwa amekiri yote. Faini, na akishindwa kulipa, kifungo cha miezi sita. Asishike leseni kwa muda wa miezi kumi na minane.

"Halafu?"

"Halafu sahihi ya hakimu."

"Maisha iko wapi?"

"Haimo, mzee. Kosa hili lina faini au jela, au vyote viwili, na hakimu anaweza kukuzuia kushika leseni kwa muda. Wewe muda wako uliisha mwaka 2017. Sasa ni kwenda kuomba upya na kufanyiwa majaribio."

Leonidas akazikunja zile karatasi, akazikunjua, akazikunja tena.

"Na mtu akimficha mumewe hukumu, adhabu yake ni nini?"

Hadia alifikiri kwa heshima zote. "Hiyo haipo kwenye masjala hii."

Alitembea mpaka Kawajense. Joséline alikuwa uani anamenya mihogo. Leonidas akaweka karatasi juu ya kigoda, akaonyesha mstari kwa kidole. Joséline akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma, akarudisha.

"Ulijua, mama Aline."

"Nilikuwepo. Masikio yangu yalikuwa mazima."

"Uliniambia maisha."

"Wewe ndiye uliyesema maisha. Mimi nilinyamaza."

Leonidas akakaa kwenye ukingo wa baraza. Kuku akapita katikati yao, akapita tena.

"Nilijiambia siku ukiacha pombe nitakwambia," Joséline akasema.

"Niliacha mwaka wa pili."

"Najua. Nikasema ngoja nione kama kweli. Nikaona kweli. Ukawa unarudi nyumbani mapema, unga kwenye nywele. Nikazoea."

"Na siku ya Épiphanie?"

Joséline alichukua muhogo, akaumenya mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Nilifungua mdomo. Watu walikuwa wengi, nikaona aibu. Ile bodaboda ilipoondoka nililia chooni."

"Mimi nililia mashineni."

Kwa siku nne Leonidas alikula alichopikiwa, akalala alikotandikiwa, akatoa salamu kwa Kirundi cha ugeni, kile wanachoongea na watu wasiowajua. Siku ya tano akaenda kwa Épiphanie kumweleza kwamba siku ile zuio la mahakama lilikuwa limekwisha na yeye hakujua. Épiphanie alimsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Shemeji, ungejua, ungeniendesha?" Leonidas akasema angemwendesha. Épiphanie akasema basi yamekwisha, akampa Jeannine ampakate huku yeye akianua nguo.

Akajiandikisha chuo cha udereva pamoja na vijana waliomwita babu. Majaribio alifeli mara moja, kwenye kurudi nyuma, mara ya pili akafaulu. Anuari akamkabidhi Canter.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Katumba kuchukua mahindi. Saa mbili asubuhi Joséline alitoka amevaa viatu, akasimama upande wa abiria bila kuomba. Leonidas akafungua mlango kwa ndani. Walipita Makanyagio mwendo wa baiskeli. Maiko alikuwa mbele ya kibanda chake anatundika magauni. Alipowaona, alilichukua benchi lake, akaliingiza ndani, kisha akawapungia mkono.

Mbele ya hapo Joséline akasema wanaweza kuongeza mwendo kidogo. Leonidas akasema bado. Joséline akanyamaza, na safari hii alimwangalia usoni.