Kitabu cha Wageni cha Kidato cha Tatu

Mwalimu Mektrida ndiye aliyeng'ang'ania Kidato cha Tatu kiwe na tovuti yake. Ilikuwa mwaka 2003, na shule yao ya mlimani ilikuwa na kompyuta moja tu ya wafadhili, iliyowaka siku ikijisikia. Kurasa walizitengeneza pale, wakazitia kwenye diski, kisha mtu akazipeleka Moshi mjini kwenye duka la intaneti.

Jumamosi moja ya Aprili alimtuma Eliaichi, binti aliyewazidi wenzake wote kwa kompyuta. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Mama yake aliomba asubiri kidogo. Mwalimu akamjibu kwamba mvua haijawahi kuua mtu.

“Ukifika, niandikie kwenye kitabu cha wageni nijue,” alimwagiza Eliaichi. Ni ule ukurasa ambao yeyote anayeitembelea tovuti huacha neno lake.

Hakufika. Mto ulibeba daraja la miti naye akiwa juu yake.

Wiki moja baada ya maziko, mwalimu alishuka mjini akafungua ule ukurasa. “Mwalimu, nimefika. Eliaichi.” Ujumbe ulikuwa wa Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi. Jumamosi iliyofuata, maneno yale yale, saa ile ile. Na iliyofuata. Aliwabana wanafunzi, akawafokea mpaka wakalia, hakuna aliyekiri.

Dawa aliijua, maana kila aliyezaliwa mlimani anaijua. Ukimpelekea jani la isale mtu uliyemkosea, hana budi kukusamehe. Ila kulibeba ni kukiri kosa, na Mektrida, Mungu amsamehe, alikuwa na kiburi cha kutosha ukoo mzima. Miezi mitatu alizunguka njia ya mbali ili asipite kwa yule mama.

Mwishowe alishindwa. Alikata isale, akalipiga fundo, akaenda mchana kweupe. Mama Eliaichi alikuwa akimenya ndizi mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu.”

“Mimi ndiye niliyemtuma. Nisamehe. Na kama ni wewe unayeniandikia kila Jumamosi, nakuomba uache.”

“Kukuandikia? Mimi hata simu sijui kubonyeza.”

Mwalimu akamweleza yote. Mama aliweka kisu chini.

“Ulimwambia akujulishe akifika?”

“Ndiyo.”

“Na amekujulisha. Wewe ulimjibu?”

Mama alimwonyesha kaburi kati ya migomba.

“Mimi nilishakusamehe zamani, nilichoka kukungoja. Hilo jani mpelekee mwenyewe. Mwanangu hakuwa mtu wa kuondoka bila ruhusa.”

Mwalimu aliliweka isale kaburini. Jumamosi akashuka mjini, na chini ya yale maneno akaandika: “Nimeona, mwanangu. Rudi nyumbani.”

Hakuandikiwa tena. Kila Jumamosi, saa tano, Mektrida hulipia nusu saa pale dukani, akaufungua ule ukurasa na kulia, kwa kuwa neno la mwisho bado ni lake mwenyewe, si la Eliaichi.