Kisichotumika

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha mbandika vifungo kilitoweka Jumanne, kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa ameinamia cherehani yake, mashati ya bluu yamemrundikia hadi kifuani, akahisi kibaridi pembeni ya kiganja. Kutazama, kidole hakipo. Hapakuwa na damu wala kidonda, ngozi ilikuwa imeziba vizuri tu. Akamwonyesha jirani yake, mshona kola, ambaye kiwanda kizima kilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Umekiweka wapi?" Chiriku akamnong'oneza.

"Sijakiweka popote. Nadhani sikuwa nakitumia."

"Pole, mwenzangu. Afadhali hicho kuliko gumba."

Wakaendelea kushona, maana msimamizi alikuwa anakuja.

Mambo haya yalianza meneja alipowakusanya uani kuwaeleza utaratibu mpya. Wanunuzi wa ng'ambo, alisema, wamepata nchi nyingine inayoshona shati hilohilo kwa bei ya chini, na dawa yake ni moja tu, ufanisi. Kila kisichotumika ni hasara. Aliyasema bila ubaya wowote, tena anatabasamu, na watu wakampigia makofi. Nani angethubutu kutopiga? Tangu siku ile, kiungo ambacho mtu hakitumii kazini kikawa kinaondoka chenyewe. Mpiga pasi aliondokewa na vidole vya miguu. Wakata vitambaa walibaki na jicho mojamoja. Mlinzi wa geti la nyuma, geti ambalo halifunguliwi, alitoweka mzimamzima, ikabaki kofia kwenye kiti, nayo ikapewa mlinzi wa mbele.

Kisha meneja akawaonyesha kwenye runinga kiwanda cha nchi ile nyingine. Mikono ya kulia ilikuwa imejipanga mstari mmoja, inashona, na juu ya kila mkono jicho.

"Wenzenu hao wameshafika mbali," akasema. "Sisi bado tunabeba mizigo."

Chiriku hakuhangaishwa sana na vidole. Hofu yake ilikuwa kooni. Kwenye mstari wa kushona maongezi yalikuwa marufuku, na kola haishonwi kwa mdomo. Kila jioni akivuka geti alikohoa, akajaribu maneno mawili matatu, na sauti ilitoka imefifia kuliko jana yake. Nyumbani alikuwa na mama yake, mzee asiyeona, ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani. Mama alimtambua kwa sauti. Kumpapasa kulishakuwa hakusaidii, maana mikono ya binti ilikuwa inabadilika kila mara. Mtu mwingine akiingia, hata jirani wa ukuta mmoja, bibi wa watu alipiga kelele na kujibanza pembeni ya kitanda, na chakula hakigusi mpaka asikie, "Mama, ni mimi, nimerudi." Hapo ndipo hula, na soga zao zilikuwa haziishi. Chiriku alipofikiria siku atakayoingia mle bubu, na mama amejibanza na njaa yake, alikohoa tena na kujaribu maneno mengine.

Akaenda na wenzake wizarani kulalamika. Baada ya muda alikuja mkaguzi wa kazi, mtu mpole mwenye suti nzuri, mikono ya koti imekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa kuwa ofisini kwao siku nyingi ulikuwa unatumika mdomo tu. Dereva wake alimnywesha chai. Akapita mstarini, akaangalia kila mtu, akasikitika kwa dhati.

"Nawaona, dada zangu, mnaumia," alisema. "Lakini serikali haiwezi kulipangia soko. Tukimbana huyu bwana, kesho anafungasha mashine zake anahamia kwa jirani. Mtakula nini?"

"Sauti yangu inaondoka, mheshimiwa," Chiriku akasema. "Na mama yangu haoni."

"Basi itumie, dada. Hakuna sheria inayokukataza, ilimradi iongeze uzalishaji."

Ushauri ule ulimwingia. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa meneja, kwa miguu yake, akamwambia kwamba mstari unasinzia baada ya chakula cha mchana na kwamba yeye anaweza kuuamsha. Meneja akaona ni wazo zuri, akashangaa mbona halikumjia yeye. Chiriku akaondolewa kwenye kola, akapandishwa juu ya kijukwaa cha mbao, kazi yake kupaza sauti wenzake waongeze kasi. Alitafuta neno fupi lisilopoteza muda, akalipata.

"Haraka!"

Wenzake wakamnunia. Mbandika vifungo, ambaye sasa alibaki na gumba na kidole cha shahada, alimsubiri getini.

"Kumbe unatuswaga kama ng'ombe, wewe?"

"Nisamehe. Ni kwa ajili ya mama."

"Sote tuna mama," mbandika vifungo akasema, akaenda zake.

Lakini sauti ilirudi. Ilirudi nene, safi, ya kujaza jengo zima, na Chiriku alifurahi hadi machozi yakamtoka. Alipaza asubuhi, akapaza mchana, mashati yakamiminika, wanunuzi wakatuma salamu. Vidole vyake vilipungua, vikabaki vya kushikia ngazi ya kijukwaa na bakuli la mama, akashukuru.

Jioni moja akasukuma mlango. Mama alikuwa amekaa kitandani na bakuli la chakula alilowekewa asubuhi, shingo ameielekeza mlangoni. Chiriku akavuta pumzi amwambie, Mama, ni mimi, nimerudi.

"Haraka!" akasema.

Uso wa mama ukachanua. "Ni wewe, mwanangu! Nina haraka gani mimi, nimekaa tu tangu asubuhi?" Akacheka. "Haya, nipe habari za huko."

Chiriku akajaribu tena. Alijaribu kusema samahani, akajaribu kusema mama tu, neno la kwanza alilopata kulijua.

"Haraka!"

Mama akaacha kucheka. Akapapasa bakuli magotini mwake, akaanza kula. Alikula kwa pupa, kama anayefukuzwa, chakula kikimdondoka kifuani. Akapaliwa, akakohoa hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Chiriku akapiga magoti mbele yake, akamshika bega kwa vidole alivyobaki navyo, na kwa nguvu zake zote akamwambia, Taratibu, mama, taratibu, nakuomba.

"Haraka! Haraka!"

"Sawa, mwanangu, nakazana," mama akasema, akasukuma kijiko kingine kabla hajameza cha kwanza.